Mimi ndiye mshika pochi: asiyeshiriki Chakula cha Bwana anakosa nini hasa?

MshikaPochi

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, na Tumsifu Yesu Kristo kwa Wakatoliki mliomo humu.

Mimi ni Mlutheri wa kuzaliwa. Kipaimara nilipata mwaka 2003 kwetu Machame, nikiwa na gauni jeupe la kuazima lililonibana kwapani. Siku ile ndiyo nilionja Chakula cha Bwana kwa mara ya kwanza. Ile kaki iliganda kwenye kaakaa nikaogopa kuibandua kwa ulimi, nikidhani ni dhambi. Divai ilikuwa kali, ikanipasha moto kifua. Nikarudi kwenye benchi najiona mtu mzima.

Sasa niko Dar, Kimara, nauza vitenge. Huu ni mwaka wa 11 naishi na baba watoto wangu. Mahari ilitolewa, mbege ikanywewa, wazee wakapeana mikono. Kanisani hatujafunga. Kila tukipanga, inakuja hesabu ya ukumbi, kamati na michango, mwenzangu anaghairi. Kwa utaratibu wa usharika wetu, basi, mimi kwenye Chakula cha Bwana simo. Sikutangazwa mbele za watu, hapana. Mzee mmoja wa kanisa alinivuta pembeni mwaka 2015 akaniambia kwa upole, "Binti, mpaka mbariki ndoa."

Siku ya Chakula cha Bwana mambo huwa hivi. Mzee wa zamu anasimama mwisho wa benchi, anatoa ishara, benchi zima linanyanyuka. Mimi nageuza magoti pembeni watu wapite. Na kabla hawajapita, pochi zinaanza kushuka mapajani mwangu. "Nishikie, dada." Tatu, nne. Pasaka moja zilifika saba, na mwavuli juu. Wameshazoea kwamba pale karibu na nguzo yupo wa kushika pochi. Hawana ubaya. Kuna mama mmoja akirudi hunipa pipi.

Mwezi uliopita simu ikaita ndani ya pochi mojawapo, nikawa nahangaika kutafuta ni ipi niizime, mara nikajikuta nalia. Si kwa aibu, aibu iliisha kitambo. Nilikuwa namsikia mchungaji kule mbele akirudia kwa kila mtu, "uliotolewa kwa ajili yako", "uliotolewa kwa ajili yako", na ile "yako" ilikuwa inafika mpaka benchi la mbele yangu, inaruka langu, inaendelea na la nyuma.

Sijaja kuomba mnitetee, na mkitaka kunihukumu mtakuwa mmechelewa. Nauliza hivi. Neno nasoma, ibada sikosi, sadaka natoa (bahasha yangu wanaipokea bila kuniuliza cheti cha ndoa). Kile ambacho wenzangu wanakwenda kukipokea pale mbele, na mimi sikipati, ni kitu gani kiroho? Kama ni msamaha, toba naifanya kila siku. Kama ni ukumbusho, mimi nakumbuka kuliko wao, maana pale kwenye benchi nina muda wa kutosha. Mtu anijibu kwa lugha ya kawaida, tafadhali.

MtuWaUamsho

Dada yangu unajitesa bure. Mkate ni ishara tu. "Fanyeni hivi kwa ukumbusho wangu," basi. Nyumbani kwetu tunaweka mkate wa dukani na juisi ya zabibu mezani, baba anaomba, tunakula. Karibu kwetu Jumapili, hakuna atakayekuuliza cheti.

MzeeWaZamu

Binti, nimeusoma ujumbe wako mara mbili, maana huyo mzee anayesimama mwisho wa benchi ni mimi. Si kwenye usharika wako, ila ni mimi. Nina miaka 22 natoa ishara hiyo na sijawahi kujiuliza pochi huwa zinabaki na nani.

Kwanza nimjibu ndugu wa Uamsho. Hilo la "ishara tu" ni la siku nyingi. Oktoba 1529 Luther, ambaye kanisa letu linaitwa kwa jina lake, na Zwingli, mwanamatengenezo wa Uswisi aliyesema mkate ni ishara, walikutana Marburg, Ujerumani, waelewane. Katika hoja 15 walikubaliana 14, ya 15 ikawakwamisha papo hapo penye mkate. Luther alikuwa ameandika mezani kwa chaki maneno ya Bwana, "huu ni mwili wangu", na kila alipoambiwa kwamba "ni" hapo maana yake "unaashiria", alirudi kwenye chaki yake. Waliagana bila kupatana. Kwa hiyo tusidhani tutalimaliza leo hapa.

Sasa wewe. Katekisimo Ndogo, kile kijitabu cha mafundisho cha Luther ulichokaririshwa kwa ajili ya kipaimara, nayo ni ya mwaka huohuo 1529, inauliza kula na kunywa huko kunafaa nini. Jibu linashikilia neno lilelile lililokuliza: kwa ajili yenu. Msamaha unausikia pia kwenye mahubiri, na si nusu msamaha. Lakini mahubiri yanasemwa kwa kanisa zima, na moyo una ujanja wake, unasema "hayo ya jirani hayo". Mkate hauna njia hiyo. Unawekwa mkononi mwako, unautafuna wewe, unashuka koo lako. Huwezi kummezea jirani. Neno la jumla linakuwa lako kwa njia ambayo huwezi kuikwepa hata ukitaka. Kwa hiyo sitakudanganya kwamba hukosi kitu. Unakosa, na machozi yako yamelijua hilo kabla ya wachungaji.

Katekisimo hiyohiyo inauliza ni nani anayestahili. Inasema kufunga na kuuandaa mwili ni desturi njema, lakini anayestahili hasa ni yule anayeyaamini maneno hayo. Sisi wazee tunakariri hilo, halafu tunakwenda kufungua daftari. Simsemi vibaya mchungaji wako. Utaratibu huu una sababu: wapo wanaume wanaokaa na mtoto wa mtu miaka 20 bila kujifunga popote, na kanisa liliona limlinde mwanamke. Ajabu yake, anayebaki kwenye benchi ni mwanamke, na mwanaume yuko nyumbani anaangalia mpira.

La vitendo. Kubariki ndoa si harusi. Ni matangazo, mashahidi wawili, mchungaji, na nyinyi. Ukumbi hakuna mahali umeandikwa. Hata Sheria ya Ndoa ya 1971 inaweza kuwadhania kuwa mmeoana mkishakaa pamoja miaka 2 na watu wakawajua hivyo. Nilisimamia ndoa moja siku ya Jumatano jioni, keki yake ilikuwa mandazi, na Jumapili iliyofuata yule mama alikuja mbele anatetemeka mpaka nikamshika kiwiko.

MamaNaSimu_Kiambu

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Mkatoliki, niko Kenya. Nakujibu kwa habari ya mamangu kwa sababu theolojia sina.

Machi 2020 makanisa yetu yalifungwa kwa ajili ya korona. Yalipofunguliwa Julai, waliruhusiwa watu 100, saa moja tu, na waliozidi miaka 58 wabaki nyumbani. Mamangu alikuwa na 71. Mwanamke ambaye tangu ndoa yake hajakosa Komunyo ya Jumapili ila akiwa amejifungua! Basi nikawa namwekea Misa kwenye simu, nimeiegemeza kwenye mkebe wa sukari. Papa Fransisko alikuwa ametuzoesha sala ya komunyo ya kiroho, ile ya kumwambia Yesu kwamba kwa kuwa siwezi kukupokea katika Sakramenti, njoo walau moyoni mwangu. Mama akajifunga leso kichwani, akavua viatu, akaisema. Ikifika wakati wa kupokea anafumba macho na kufungua mdomo kidogo. Halafu anaufunga polepole. Mimi nilikuwa natoka nje nisimwangalie.

Mhudumu wa Ekaristi alipokuja nyumbani miezi baadaye na kile chombo kidogo cha hostia, mama alipokea, akanyamaza kama robo saa. Nilimuuliza baadaye: zile za kwenye simu zilikuwa bure? Akakataa kabisa. Alisema, "Ukinipigia simu useme umenipikia, ninafurahi, najua unanipenda. Lakini usiku silali nimeshiba."

Sala hiyo iseme ukiwa hapo na pochi zako, dada. Kwetu wanaofundisha wanasema hamu yenyewe ni kupokea kwa namna fulani. Lakini usiifanye mazoea ukasahau kwamba ni hamu.

BeseniNaTaulo

Mimi Msabato. Kwetu Meza ya Bwana ni mara moja kila robo mwaka, na hatuzuii anayemwamini Yesu. Ila kabla ya mkate tunatawadhana miguu, kama Yohana 13. Mwaka juzi nilipangwa na wifi yangu, tuna kesi ya kiwanja, hatujasalimiana miezi minane. Nikapiga magoti mbele ya beseni. Kisigino chake kilikuwa kimepasuka vibaya, nikawa napitisha kitambaa polepole nisimuumize. Kesi haijaisha, nisikudanganye. Ila mkate wa siku ile niliumeza kwa shida. Nadhani ushirika ndio huo, huendi kwa Yesu peke yako, unakuta kuna watu wengine wamekaa naye mezani na baadhi yao huwapendi.

MsomajiWaLei_Dodoma

Naunga hapo kwa Beseni. Mimi ni Mwanglikana, nasoma masomo zamu yangu ikifika. Andiko linalotumika sana kuwabakiza watu kwenye benchi ni 1 Wakorintho 11:29, anayekula na kunywa "kwa kutokuupambanua ule mwili" anakula hukumu. Tunalisoma kama onyo kwa mwenye dhambi za chumbani. Lakini rudini nyuma mpaka mstari wa 21 muone Paulo alikuwa anawafokea akina nani: wanaotangulia kula, "hata huyu ana njaa, na huyu amelewa". Wenye nafasi walikuwa wanafika mapema na kushiba, maskini wanakuta vyombo vitupu. Na sura iliyotangulia ameshasema mkate ni mmoja, na sisi tulio wengi tu mwili mmoja. Huo mwili wasioupambanua ulikuwa umeketi pembeni yao na njaa! Dawa anayoitoa mstari wa 33 ni neno moja: "mngojane".

Sisemi kanuni zifutwe. Kujihoji kupo palepale mstari wa 28, na kila mtu ajihoji. Nasema tu kwamba wale saba waliokupa pochi Pasaka ile, walipokwenda mbele, nao walikuwa na mstari wao wa kujihoji.

MshikaPochi

Asanteni. Mama wa Kiambu umeniliza tena, na nilikuwa dukani, mteja akadhani nimefiwa.

Mzee, sikujua kama mtu anaweza kusema "unakosa" na nikasikia nafuu. Wengi huniambia sikosi kitu, Mungu anaangalia moyo. Nikirudi nyumbani na jibu hilo najiona kama ninadai kitu ambacho hakipo.

Jana usiku nilimpa baba watoto simu asome. Alisoma kimya mpaka mwisho. Pale kwenye mpira aliguna. Akaniuliza hizo pochi huwa ni nzito kiasi gani, nikamwambia inategemea. Akakaa. Nilishaanza kusinzia nikamsikia anauliza, "Hayo mandazi ya huyo mzee yalikuwa ya watu wangapi?"

MzeeWaZamu

Watu 40. Unga kilo 4, na chai ya maziwa.