Tupeane uzoefu: programu ya bure ya kukata video kubwa za nyumbani

Kaka wa Bibi Harusi
Wakuu, habari za jioni. Mpiga video wa sendofu ya dada katuletea kazi kwenye flashi: faili moja tu, saa tatu na ushee, GB 11. Nusu nzima watu wanapanga foleni ya msosi. Mama anataka vipande viwili tu awarushie ndugu wa Songea: wazee wakitoa nasaha, na keki ya ndafu. Nimeshusha programu inayojiita ya bure, imerenda (yaani kuiandika video upya) usiku kucha, asubuhi nakuta jina lao limekaa usoni kwa shangazi. Laptopu yangu RAM GB 4 tu. Waliowahi kukata bila kutoa hela, tupeane uzoefu.

Kijana wa Tabata
Pole mkuu. Hapo wewe huhitaji programu ya kuediti. Chukua LosslessCut. Cheza video, ukifika mwanzo bonyeza herufi I, mwisho bonyeza O, kisha E kutoa kipande. Hairendi kitu, inanakili tu data kama ilivyo, kwa hiyo kwangu kasi inategemea diski. Ubora haushuki hata chembe. Mubashara za mpira wa mtaani kwetu nazikata hivyo.

Mama Wawili, Kimara
Mimi ni Avidemux. Sura yake ya kizamani lakini inakubali kompyuta dhaifu. Siri ni moja: upande wa kushoto, video na sauti zote ziache kwenye Copy, halafu weka alama A (mwanzo) na B (mwisho). Ukichagua kitu kingine hapo, umerudi kwenye kurenda.

Ila mjue jambo. Video ya namna hii haihifadhi kila picha nzima nzima. Kuna fremu kamili baada ya muda fulani, na za katikati zinaandika mabadiliko tu. Ukikata kwa kunakili, kipande lazima kianzie kwenye fremu kamili. Kipaimara cha mwanangu nilitaka kianze askofu anaponyoosha mkono, kikaanza nyuma kidogo, mpiga kinanda anakohoa. Mshale wa juu na wa chini kwenye kibodi unakurusha fremu kamili hadi nyingine, chagua iliyo karibu. Sekunde mbili tatu za ziada hazimdhuru mtu.

Mzee wa Mikanda
Nyie mnalia na GB 11! Sisi wenye mikanda ya MiniDV, saa moja ikiingia kwenye kompyuta inakula kama GB 13. Naikata kwanza, ndipo naipitisha HandBrake ipungue. Hiyo HandBrake ni ya bure na haina jina la mtu usoni, lakini kazi yake ni kubana, inaandika upya kila kitu. Kwa RAM 4, iwashe ukienda kulala.

Terminali Tu
Madirisha yote hayo ya nini? LosslessCut yenyewe ndani yake inaendeshwa na FFmpeg, programu ya bure unayoiandikia amri. Mstari mmoja, -ss ni mwanzo, -to ni mwisho, -c copy ni kunakili:

ffmpeg -ss 00:41:00 -to 00:52:30 -i sendofu.mp4 -c copy nasaha.mp4

Mama Wawili, Kimara
@Terminali Tu, huyo mama mwenye ndugu wa Songea umeshampoteza 😂

Kaka wa Bibi Harusi
LosslessCut imenyoosha! Nasaha nimetoa kabla chai haijapoa. Sasa baba naye anataka saa zote tatu kwenye flashi yake, aangalie kwenye TV ya sebuleni. Flashi ni ya GB 32, tupu kabisa, inaniambia faili ni kubwa mno. Inakuwaje?

Kijana wa Tabata
Hiyo flashi imepangwa kwa FAT32, mfumo wa zamani wa kuhifadhi faili, haipokei faili moja la kufika GB 4 hata ikiwa tupu. Ukiiformati kwa mfumo mpya zaidi, exFAT, itapokea, lakini TV nyingi za zamani haziisomi. Mkatie mzee sehemu nne, kila moja isifike GB 4, uzipe namba 1 hadi 4. Faili mama usilifute.

Kaka wa Bibi Harusi
Sawa mkuu. Foleni ya msosi nayo anaitaka, kasema kuna mtu alipita mara mbili.