Mbegu za magnolia miezi mitatu hazijaota, nimekosea wapi?

MamaNeema_Houston
Habari zenu wapendwa. Mbele ya kanisa letu hapa Houston kuna mti wa magnolia, ile ambayo haipukutishi majani hata baridi ije, jani juu linang'aa chini lina rangi ya kutu, na ua lake jeupe kubwa kama sahani. Mwezi wa kumi mwaka jana niliokota koni zake, yani matunda yake, mbegu nyekundu zinaning'inia kwa vijiuzi kama shanga, nikazianika dirishani wiki 3 kama tunavyoanika mbegu za mchicha nyumbani, mwezi wa tatu nikapanda. Saivi ni mwezi wa sita hamna hata moja iliyochungulia. Mama alipokuja kututembelea kila Jumapili lazima asimame anuse hilo ua, ndo maana naitaka kweli.

Bustani_Savannah
Pole dada. Kilichoziua ni kuzianika, mbegu ya magnolia ikikauka sana haioti tena. Afu ile nyama nyekundu ina mafuta na inazuia mbegu kuota, lazima uitoe. Mi naloweka siku 1 au 2, nasugua kwa vidole na tone la sabuni ya vyombo mpaka inabaki punje ngumu. Kisha naichanganya na mchanga wenye unyevu, ukiufinya mkononi usichuruzike maji, natia kwenye mfuko, friji miezi 3 mpaka 4. Friji jamani, sio friza! Ikishapita hiyo baridi ndo inajua msimu umeisha, napanda mwezi wa tatu, kina cha sentimita 1 hivi.

kaka_juma
Friji mi situmii, nafukia kwenye kopo nje kuanzia Novemba baridi yenyewe inafanya kazi. Ila mwaka wa kwanza kuchakuro walifukua zote, sasa naweka wavu wa chuma juu. Na tumia kopo refu, mizizi yake haipendi kusumbuliwa kila mara, na mche ukiwa mdogo uweke kwenye kivuli maana jua la saa nane linababua majani.

Bi_Zuhura
Mwanangu, kwa mbegu unaweza kungoja miaka 10 au zaidi ndo uone ua, na mti hautafanana na mama yake sawasawa. Kama unataka mama anuse mapema nunua mche wa Little Gem, aina ya magnolia, ule unatoa maua ungali mdogo.

MamaNeema_Houston
Asanteni sana, yani miezi yote hiyo namwagilia mbegu zilizokufa. Bi Zuhura shikamoo, Little Gem nitanunua wiki hii, ila na mbegu za mti wa kanisani lazima nijaribu tena. Niokote lini?

Bustani_Savannah
Kuanzia Septemba, koni ikianza kupasuka na nyekundu kuonekana. Wahi kabla ya ndege, na siku hiyohiyo ziloweke.