Mrejesho: mbwa wangu mchanga na kundi la ufukweni

Assalam aleikum jamaa. Mwezi uliopita niliuliza kama nimpeleke mbwa wangu wa miezi minne ufukweni Jambiani, Zanzibar, jioni wanapokusanyika mbwa wengi, azoee wenzake. Marekani kuna viwanja vyenye uzio kwa kazi hiyo. Huku kwetu ufukwe ndio kiwanja.

Nilimpeleka. Siku ya pili mbwa wakubwa watatu walimzunguka, akalala chali, akajikojolea. Wiki nzima akisikia mbwa anabweka anajificha uvunguni. Iliniuma sana, maana aliniamini.

Nikafuata ushauri wenu: mbwa mmoja tu wa jirani, aliyekomaa, mpole, aliyechanjwa. Tunatembea nao sambamba maji yakipwa, kamba zimelegea. Sasa wangu anamkimbilia mwenzake kwa hiari yake, mkia unatikisika.

Tena nimeelewa kuwa kuzoea si kucheza na mbwa peke yake. Anakaa kando yangu akitazama wanawake wanaolima mwani, watoto wa madrasa, baiskeli, bila kumrukia mtu. Kwetu Waislamu wa huku hilo ni kubwa zaidi: mate yake yakimgusa mtu, itabidi aoshe mara saba, moja kwa udongo.

Kwenye kundi simrudishi mpaka akomae. Ahsanteni sana.