Nimeitwa kazi ya unesi kambi ya watoto ranchini, likizo ya mwezi wa sita. Niulize nini kabla ya kukubali?

Binti wa Isevya

Habari za jioni wana jukwaa, shikamooni mnaostahili. Mimi ni muuguzi wa diploma, leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga ninayo, ajira naisubiri kama wenzangu. Kwa sasa najitolea kituo kimoja cha afya hapa Tabora mjini, napewa nauli tu.

Juzi nimetafutwa na watu wanaoandaa kambi za watoto. Wanapeleka watoto kama themanini, darasa la nne mpaka kidato cha pili, kwenye ranchi ya ng'ombe upande wa Uvinza. Ukishavuka Daraja la Kikwete pale Malagarasi unaiacha lami, unaingia porini. Watoto watajifunza kukamua, kupeleka ng'ombe joshoni, kutembea porini, usiku nyimbo na moto. Nesi ni mmoja, yaani mimi.

Pesa si mbaya. Ila mwandaaji kaniambia, "Huna kazi kubwa, ni kubandika plasta tu." Hapo ndipo nilipoingiwa na wasiwasi. Kituoni nikikwama nageuka, tabibu yupo. Kule nitageuka nimwone nani? Aliyewahi kufanya kazi ya hivi anisaidie: niulize nini kabla ya kusaini, na nibebe nini?

Mtemi Mstaafu

Dogo nenda ukale nyama. Hao watoto wakiumwa watapona, sisi tulichunga ng'ombe peku na tupo hai.

Mama Wodini, Kaliua

Mtemi, waliokufa hawaandiki humu.

Binti, marahaba, na mwangaluka. Mimi nimestaafu, lakini kambi za namna hiyo nimezifanya miaka kadhaa, huku huku kwenye miombo yetu. Anayesema ni plasta tu hajawahi kulala kambini. Miiba ipo, malengelenge ya viatu vipya yapo, mtoto kukanyagwa na ndama yupo. Hayo unayamaliza asubuhi kabla ya uji.

Kabla ya mshahara uliza hivi: gari linalala wapi? Usiulize kama gari lipo, maana watakuambia lipo. Lipo, lakini saa moja jioni limekwenda Nguruka kuchukua mchele na dereva ana shemeji yake huko. Unataka gari linalolala kambini usiku kucha, lina mafuta, ufunguo uko unapopajua, na dereva hajagusa pombe. Usitegemee namba ya dharura 115, ile ya usafiri wa m-mama ni ya wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Ukifika tu, kabla hujafungua begi, nenda mchana mpaka kituo cha afya kilicho karibu. Jitambulishe. Uliza kama wana oksijeni na damu, na usiku nani yuko zamu. Ukikuta hawana, basi hesabu yako ni ya kufika Maweni, hospitali ya mkoa kule Kigoma, siyo hapo.

Fomu. Hao waandaaji watakuwa na fomu ya jina na saizi ya fulana. Tengeneza yako, irudi kabla ya siku ya safari. Sasa wazazi wetu unawajua. Kifafa hawaandiki, kukojoa kitandani hawaandiki, seli mundu (siko seli) wanaandika "miguu humsumbua kidogo". Kwa hiyo usiulize mtoto ana ugonjwa gani. Uliza: amewahi kuongezewa damu? Amewahi kuanguka akapoteza fahamu? Kila siku anameza nini? Kuna chakula au dawa inayomvimbisha?

Mtoto wa seli mundu anaweza kwenda, usimnyime. Lakini mwezi wa sita kule alfajiri baridi inachoma mifupa na mchana jua halina huruma. Baridi na upungufu wa maji ndivyo vinavyoyaamsha yale maumivu. Awe na sweta, blanketi la pili, chupa ya maji mkononi. Haogi maji baridi saa kumi na moja hata kiongozi wa kambi aseme huo ndio ukakamavu. Hapo uwe mkali, wakuchukie tu. Mwenye kifafa haingii bwawani, na hapandi kitanda cha juu.

Jioni ya kwanza kusanya dawa zote kwenye mabegi. Utaona maajabu: vidonge kwenye kikaratasi kisicho na jina, antibayotiki nusu dozi, chupa ya mitishamba ya bibi. Wa kwetu Tabora lazima aje na asali pia. Asali mrudishie. Vingine viandike jina la mtoto, viingie sanduku lenye kufuli, ufunguo ukae shingoni kwako. Pampu ya pumu peke yake ndiyo inabaki mfukoni mwa mwenyewe, na usiku wa moto mkalishe upande usio na moshi.

Halafu kuna ugonjwa mmoja hukufundishwa chuoni: tumbo la saa kumi na mbili jioni. Jua likizama watakupangia foleni, tumbo linauma. Usidharau hata mmoja. Pima joto, bonyeza tumbo, uliza choo. Wengi wamemkumbuka mama. Mimi nilikuwa nawapa kazi, wewe nikunjie bandeji, wewe nihesabie pakiti za ORS. Ugali ukiiva tumbo limepona. Asiyetaka kazi na asiyetaka chakula, huyo mlaze karibu na wewe, huyo anaumwa kweli.

Wanaokojoa waamshe saa nne usiku kimyakimya, na godoro lao lianikwe nyuma ya banda lako. Wenzao wakijua, kambi ya huyo mtoto imekwisha. Pedi beba nyingi kuliko unavyodhani ni za kutosha, hata kwa hao wa darasa la nne.

Homa ya siku mbili tatu za mwanzo mtoto kaja nayo kutoka nyumbani, malaria haiibuki siku ile ile ulipoumwa na mbu. Beba mRDT (kipimo cha haraka cha malaria) na ALu (dawa mseto), na vyandarua vifungwe siku mnayofika. Na nyoka: bafe analala njiani jioni, kwa hiyo viatu na tochi hata kama choo kiko karibu. Mtoto akigongwa, hapana wembe, hapana kamba ya kukaza, hapana kunyonya, na yule mzee wa jiwe la nyoka mshukuru mpe soda. Vua pete na viatu, kiungo kisitikisike, gari liondoke. Ndiyo maana nimeanza na gari.

Bwana Mifugo Nguruka

Mama kamaliza upande wa watu, niongeze upande wa ng'ombe.

Watoto wakikamua watataka kunywa pale pale, na mchungaji atawaambia maziwa ya moto kutoka kwenye chuchu ndiyo yenye nguvu. Hapana. Brusela, ugonjwa unaopita kwenye maziwa mabichi, haimwoneshi ng'ombe dalili ambazo mtoto ataziona. Maziwa yote yachemke. Ng'ombe akifa ghafla usiku, nyama yake isifike jikoni hata wakisema alikula majani mabaya. Wenyewe watachinja kibudu waseme wamewahi, kumbe ni kimeta. Mwite mtu wa mifugo kwanza, wala msimpasue mzoga. Maji ya josho yana dawa ya kupe, ni sumu. Waangalie wakiwa nyuma ya uzio, na mikono inawe kwa sabuni kabla ya kula.

Mbung'o sasa, wale wanaoeneza malale (ugonjwa wa usingizi). Hao wadudu wanapenda rangi ya bluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa hivyo. Kambi nyingi zinawavisha watoto trakisuti za bluu halafu wanashangaa. Waambie waandaaji wachague kaki au rangi ya mchanga, mikono mirefu. Dawa ya mbu ya kupaka haimsumbui sana mbung'o, kwa hiyo nguo ndiyo kinga. Mbwa wa wachungaji akimng'ata mtoto, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha akachomwe chanjo. Usingoje kuona kama mbwa atafanya kichaa.

Mama Wodini, Kaliua

Asante kwa la mbung'o, nilikuwa nalisahau hili la mwisho. Malale ya upande wetu huanza wiki moja hadi tatu baada ya kuumwa, maana yake mtoto ataugua akiwa kwao, wewe umeshalipwa na kusahau. Siku ya kuondoka kila mzazi apewe karatasi: mtoto alikuwa pori lenye mbung'o, akipata homa au kidonda palipoumwa, aseme hivyo hospitali. Kipimo cha malaria kikitoka hasi wasiishie hapo, damu iangaliwe kwa hadubini.

Tabibu wa Mwanga, Kigoma

Mdogo wangu, mimi nakukumbusha makaratasi. Leseni yako iwe hai kwa muda wote wa kambi. Mkataba uandikwe kazi yako ni ya uuguzi, maana nimeona nesi akifika anageuzwa mpishi msaidizi na mlinzi wa bweni. Waambie wakupatie daktari mmoja anayekubali kupigiwa simu saa yoyote, na akuandikie mapema dawa zipi unaruhusiwa kutoa bila kumpigia, kwa kipimo cha uzito wa mtoto. Adrenalini, sindano ya mzio mkali, iwemo, kule nyuki ni wengi. Tena ulizia mtandao gani unashika. Porini kule kuna mahali simu inashika juu ya kichuguu tu.

Ridhaa ya mzazi isainiwe, kwamba mtoto atibiwe hata kama yeye hapatikani. Nakala ya kadi ya bima ibanwe hapo hapo.

Mtemi Mstaafu

Haya mmenishinda. Ila mshahara hajatuambia.

Binti wa Isevya

Wakubwa zangu asanteni sana, nimesoma mara mbili. Mama, nimempigia mwandaaji leo mchana nikamwuliza gari linalala wapi. Kanyamaza, kisha akasema gari ni moja, jioni linarudi Uvinza kulala kwa mwenye nalo, ila ranchi ina pikipiki. Fomu amekubali nitengeneze mimi. Trakisuti zimeshashonwa, ni za bluu.

Mama Wodini, Kaliua

Pikipiki haimbebi mtoto anayetapika damu wala aliyevunjika paja. Mwambie hivi, kwa adabu lakini kwa maandishi: mwenye gari alipwe lilale kambini, au watafute la pili, la sivyo hutasaini. Akisema bajeti hakuna, mwulize kila mzazi kalipa kiasi gani, uzidishe mara themanini mbele yake.

Trakisuti wavae jioni kwenye moto, mbung'o huuma mchana. Porini waende na mashati ya nyumbani. Akikujibu kuhusu gari, andika hapa kabla hujapanda basi.