Faibrolamela: kukata sehemu ya ini au kupandikiza?

DadaMkubwa: Habari zenu, ndugu. Mdogo wangu wa miaka 19 amekutwa na saratani ya ini aina ya faibrolamela. Hana homa ya ini, pombe hajaigusa. Uvimbe ni mkubwa, uko kulia. Daktari mmoja anataka kukata, mwingine ametaja kupandikiza. Tushike lipi?

TabibuMstaafu: Pole sana, mwanangu. Saratani hii huwapata zaidi vijana, na mara nyingi ini lao halina makovu. Hapo ndipo pa kushikilia. Ini lenye afya likibakizwa robo hivi, lenye damu nzuri, humudu kazi na kukua tena. Ini lenye sirosisi, yaani makovu mengi, haliwezi kukatwa kiasi hicho. Mimi naweka kukata mbele, mradi uvimbe utoke wote. Waulize pia kama wataondoa tezi za limfu zilizo jirani na ini, kwani ugonjwa huu hupitia huko mara nyingi.

MamaZuhura: Binti yangu alitolewa upande wote wa kulia. Kwanza waliziba mshipa wa porta (unaoleta damu kwenye ini kutoka utumbo) wa upande huo ili damu iende kushoto, tukasubiri wiki kadhaa kushoto kukue. Kungoja huku unajua saratani imo ndani kulitutesa kuliko upasuaji wenyewe. Baadaye ilirudi, akapasuliwa tena. Yupo, anasoma.

Nassor_K: Kipimo cha damu cha AFP, protini inayopanda kwa saratani nyingi za ini, kisiwape matumaini ya bure. Kwa aina hii huwa cha kawaida mara nyingi hata uvimbe ukiwepo. Fuatilieni kwa picha za CT au MRI.

DadaMkubwa: Asanteni. Na kupandikiza je?

IniJipya: Mimi nilipandikizwa, lakini yangu ni hemanjioendothelioma ya epithelioidi, saratani adimu ya seli za mishipa ya damu; vinundu vilitapakaa ini zima. Kwetu sisi kupandikiza hukubaliwa hata wakati mwingine ugonjwa ukishatoka nje ya ini. Msichukue habari zangu mkazipeleka kwa mdogo wako. Kwa faibrolamela, kupandikiza hufikiriwa pale uvimbe usipoweza kukatwa na haujaenda kwingine. Halafu kuna dawa za kushusha kinga, kila siku, maisha yote. Kwa kijana wa miaka 19 hilo ni zito.

TabibuMstaafu: Kweli kabisa. Mtu akikwambia uvimbe haukatiki, omba picha zionwe na timu inayofanya yote mawili kabla hujakubali. Je, uvimbe umekaribia mishipa ya porta?

DadaMkubwa: Ripoti haisemi. Nawauliza kesho.