Kitambuzi cha infraredi cha fosforasi nyeusi kinakufa kesho yake

Swali: Wakuu, kipande changu cha fosforasi nyeusi (fosforasi ya tabaka nyembamba) kina unene wa nanomita 10 hivi, elektrodi ni kromi na dhahabu. Siku ya kwanza kinaitikia vizuri leza ya mikromita 1.55, kesho yake mkondo umeporomoka na juu yake kuna vitone kama jasho. Nihamie molibdeni disalfaidi, nyenzo nyingine ya tabaka nyembamba?

Jibu 1: Vitone hivyo ni asidi za fosforasi. Oksijeni, unyevu na mwanga vikikutana, tabaka za juu huoksidika, na oksidi hiyo hufyonza maji zaidi. Bandua tabaka kwa utepe wa kunata ndani ya boksi lililojaa naitrojeni, lisilo na hewa ya kawaida, kisha funika palepale kwa boroni naitraidi ya nanomita 10–20. Ukifunika baada ya hewa kuingia, unafungia unyevu ndani.

Jibu 2: Usihamie! Gawanya 1.24 kwa pengo la nishati (nishati ndogo kabisa ya mwanga ambayo nyenzo inaweza kuifyonza, kwa elektronivolti, eV), upate kikomo, yaani urefu wa wimbi mkubwa kabisa inaouona, kwa mikromita. Tabaka moja la molibdeni disalfaidi lina takriban 1.8, kikomo 0.69: inaishia kwenye mwanga mwekundu, haifiki 1.55 yako. Fosforasi nyeusi nene ina 0.3, inafika karibu 4.

Jibu 1: Kweli. Ila pengo dogo huongeza mkondo wa giza (umeme unaopita hata bila mwanga), kwa hiyo upime kwanza leza ikiwa imezimwa.