Mifupa ya kuku ya kipaimara

*Majirani wa Goba, Jumapili usiku*

Mama Neema, 20:41
Jamani majirani, samahanini kwa usiku. Mbwa wetu Simba hali yake si nzuri. Mate yanamtiririka, anajikwangua mdomo kwa miguu ya mbele, anazunguka tu uani. Chakula kakataa. Leo tulikuwa na kipaimara cha Neema, watoto wamemmwagia mifupa ya kuku.

Baba Doreen, 20:43
Pole sana mama. Huyo kakwamwa na mfupa. Mmoja amshike taya, mwingine amulike na tochi ya simu, aingize mkono autoe.

Bi Zuhura, 20:43
Mpeni tonge la ugali mkavu alimeze, litausukuma. Sisi hata mwiba wa samaki tunafanya hivyo.

Mama Neema, 20:44
Baba Neema ndio anataka kuingiza mkono sasa hivi

Mama Ivan Dokta, 20:45
MWAMBIE ASIINGIZE MKONO. Nakupigia, pokea.

Mama Ivan Dokta, 20:59
Nimeongea nao, nakwenda huko sasa. Naandika haraka ili tujue wote.

Mbwa anayetokwa mate, taya limelegea, kumeza hawezi, unaweza kuapa ana mfupa kooni. Kichaa cha mbwa nacho kinaweza kuja na sura hiyohiyo, bila ukali wowote, mbwa kapoa tu. Mtu kwa huruma anaingiza mkono, mate yanapata mchubuko kidoleni. Kwa hiyo swali langu la kwanza siku zote ni chanjo: ya lini? Simba kachanjwa Machi, kadi ipo, na mifupa wamemwona akiila. Hapo moyo wangu umetulia. Lakini hata aliyechanjwa, akiwa na maumivu anamng'ata bwana wake.

Mate yakigusa kidonda cha mtu: sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali, usisubiri asubuhi.

Bi Zuhura, shikamoo. Ugali tusimpe. Kama ncha imechoma koo, tonge linaizamisha. Na huenda nikamchoma sindano ya usingizi, tumbo likiwa tupu ni salama zaidi.

Bi Zuhura, 21:01
Marahaba mwanangu. Nimekuelewa. Nenda, Mungu akutangulie.

Baba Doreen, 21:04
Na maji ya chumvi atapike?

Mama Ivan Dokta, 21:05
Hapana kaka. Chumvi nyingi ni sumu kwa mbwa, na mfupa wenye ncha ukirudi juu unachana mara ya pili.

Mama Neema, 22:37
Umetoka!! Kipande cha paja la kuku, kilikuwa kimelala kama boriti kwenye kaakaa, kimebanwa kati ya magego ya kushoto na ya kulia. Dokta alimlaza kwanza ndipo akakitoa kwa koleo. Nimelia jamani. Mbwa huyu ndiye aliyetuamsha mwaka jana wezi walipokata waya wa uzio.

Mama Ivan Dokta, 22:50
Kipande kimoja tumekitoa, vingine kameza. Siku tatu hizi muangalieni: akitapika, tumbo likiwa gumu, akijikamua choo hakitoki, choo kikiwa cheusi au na damu, nipigieni hata saa tisa usiku.

*Jumatatu*

Baba Doreen, 06:52
Dokta habari za asubuhi. Nisaidie kuelewa. Nimekulia Marangu, mbwa wa marehemu baba walikula mifupa ya kila namna, na walizeeka.

Mama Ivan Dokta, 07:20
Salama kaka. Tunawakumbuka waliozeeka. Mbwa akifa ghafla mtaani, tunasema wezi wamemlisha sumu, tunamfukia, yameisha. Mimi niliwahi kumpasua mmoja wa hao wa "sumu". Kibanzi cha mfupa wa mbavu ya mbuzi kilikuwa kimetoboa utumbo. Mwenye mbwa alikuwa ameshamfukuza mlinzi wake kwa kumshuku. Sijasahau.

Halafu mifupa ya zamani mingi ilikuwa mibichi, ya machinjo. Mfupa mbichi una unyevu na uteute ndani, unapinda kabla ya kuvunjika. Ukiuchemsha au ukiuchoma unakauka, unapasuka kama mwanzi, vipande virefu vya ncha. Kuku ndiye mbaya zaidi, paja na kipapatio. Basi kilichopita motoni, mbwa asipewe mfupa wake.

Mama Junior, 07:31
Na goti la ng'ombe dokta? Lile halipasuki.

Mama Ivan Dokta, 07:44
Hapo jino ndilo linalopasuka. Lile jino kubwa la juu, la pembeni, ndilo analosagia. Likipasuka mzizi unaoza, shavu linavimba chini ya jicho. Kipimo changu ni rahisi: bonyeza kitu kwa ukucha wa kidole gumba. Kisipoacha hata alama, ni kigumu mno. Kwato na pembe zimo humo.

Na zile pete za mfupa wa uboho, bucha anapokata kwa msumeno: nimemkuta mbwa pete imemvaa taya la chini, nyuma ya chonge, haitoki. Ilibidi tuikate.

Mama Junior, 07:46
Basi mbichi kutoka bucha, mkubwa?

Mama Ivan Dokta, 07:58
Una mtoto mdogo anatambaa humo humo. Mimi nisingekushauri. Nyama mbichi ina bakteria, mbwa analamba mfupa kisha sakafu, kisha mtoto. Asiye na mtoto mdogo wala mgonjwa ndani, na ana moyo wa kujaribu: mfupa mkubwa kuliko mdomo wa mbwa, wenye nyama, dakika 15 ukiwa umesimama hapo, kisha unautoa.

Na tafadhali, mapupu na maini mabichi ya machinjioni HAPANA. Yale yenye vifuko vya maji yana mnyoo. Mbwa akila, mayai yanatoka na choo chake, mtu akiyameza anaota vifuko hivyohivyo kwenye ini au mapafu. Ndugu zetu wafugaji, Ngorongoro hadi Turkana, wanaujua ugonjwa huu. Chemsheni hadi yaive kabisa ndipo mumpe.

Mama Junior, 08:03
Kambwa ketu ka miezi mitano kanamaliza ndala. Kwa hiyo katafune nini?

Mama Ivan Dokta, 08:15
Kanabadilisha meno, ufizi unawasha. Kana meno 28 ya utoto, yanadondoka, yanaota 42. Kufika miezi saba ametulia. Mpe karoti nzima uliyoigandisha kwenye friji. Au kiazi kitamu, kata vipande vinene, kausha juani siku mbili. Au ule mpira wa kutafuna wenye tundu: jaza ugali laini na dagaa wasio na chumvi, gandisha. Mimi wangu anamaliza saa nzima.

Ile ngozi kavu inayofungwa mafundo kama mfupa siipendi, kipande kikimezwa kinavimba tumboni. Gunzi la mahindi pia hapana, wala kokwa la embe. Vinakwama utumboni, na msimu wa embe ukifika nakutana navyo sana.

Bi Zuhura, 08:22
Lo, magunzi! Ndiyo tunayowatupia kila siku.

Bi Zuhura, 08:23
Na supu ya jana iliyobaki, bila mifupa?

Mama Ivan Dokta, 08:26
Ina vitunguu na chumvi Bi Zuhura, tunyweni wenyewe. Vitunguu vinaharibu damu ya mbwa.

Mama Neema, 08:40
Ndoo ya mifupa ilikuwa bado jikoni. Baba Neema kachimba shimo refu nyuma ya banda la kuku, kafukia na kuweka tofali juu. Simba kala ugali laini na dagaa, kamaliza. Anatingisha mkia.

Baba Doreen, 08:47
Tumshukuru Mungu. Dokta, wangu wawili hawana kadi. Ijumaa upo?

Mama Ivan Dokta, 08:49
Saa kumi jioni nipo nyumbani. Waje wamefungwa kamba.

Mama Junior, 08:50
Na kangu.

Bi Zuhura, 08:52
Na yule wa mlinzi wa kona, nitamleta mimi.